Utetezi wa Mpiga Debe

Mpiga debe ana mashtaka mengi na wakili hana. Ingia stendi kuu ya Moshi asubuhi yoyote, utayasikia yote kabla hujalifikia basi: kwamba hunyakua begi la mtu bila kuombwa, kwamba kila mwanaume kwake ni mangi hata aliyezaliwa Newala, kwamba pumzi yake ya saa moja asubuhi bado ina gongo ya usiku, na kwamba neno la kweli halijawahi kumtoka. Wakuu wa mikoa wametangaza kumwondoa, wakurugenzi wametangaza, makamanda wa polisi wametangaza. Matangazo hayo yeye huyasikilizia pale pale stendi, kwenye redio ya gari analolijaza.

Nimeona nimsemee. Lucian, mwandishi wa karne ya 2, alimsifu nzi. Erasmus wa Rotterdam mwaka 1511 alichapisha kitabu kizima cha kuusifu ujinga, na wasomi wa Ulaya wakakigombania. Mtu anayetufikisha Tanga na Dar es Salaam hawezi kukosa walau kurasa mbili.

Tuanze na uongo, maana ndilo shtaka kubwa. Uongo wenyewe ni mmoja, tena mfupi: "Inatoka sasa hivi, imebaki siti moja." Abiria mgeni hupanda, akakuta siti 14 hazina watu, akakasirika. Angejiuliza kwanza gari huondokaje. Mabasi makubwa ya Dar es Salaam yana ratiba, na mengi huondoka alfajiri kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Lakini Coaster, Hiace ya Himo, Noah ya Marangu au ya Kibosho, hizo hazina saa, zina siti. Siti zikijaa mnaondoka, zisipojaa mtakaa, hata uwe unawahi maziko. Na hakuna binadamu anayependa kuwa wa kwanza kwenye gari tupu. Kila mmoja anasimama kivulini na soda yake akingoja wenzake wapande, na wenzake wako kivuli cha pili wanamngoja yeye. Watu hao wakiachwa na ukweli wao watazeekea stendi. Lazima atokee mtu wa kusema gari limejaa wakati halijajaa, ili lijae. Mwanasiasa akisema barabara imekwisha, barabara haiishi kwa sababu tumemwamini. Mpiga debe tukimwamini watu 14 tu, alichosema kinakuwa kweli na gari linaondoka. Nitajieni uongo mwingine wenye tabia hiyo.

Tena hasemi tu, anatenda. Mtazame anavyolianza gari la mchana. Kwanza anawapandisha vijana wake watano au sita, wakae. Kazi yao ni hiyo hiyo, kukaa, na wanaifanya kwa ufundi ambao sijauona kwenye maigizo ya televisheni. Mmoja amevaa koti zito, zipu mpaka shingoni, katika joto lile la Moshi la saa saba. Wa pili amepakata begi ambalo ukiliminya linanywea, halina kitu ndani. Wa tatu yuko dirishani, tiketi ya juzi ameibana kati ya vidole viwili watu waione, na kila mara anatoa kichwa nje kumfokea konda: "Bosi, twende basi, tumechoka kukaa!" Fokafoka hiyo ndiyo inayokuvuta. Unaona gari lenye watu waliokwishaudhika, unajua hili ndilo linaloondoka. Unapanda, unalipa. Muda kidogo mwenye koti anakumbuka kununua maji. Mwenye begi anashuka kupokea simu. Wa dirishani anakuachia nafasi yake kwa heshima zote, "Kaa hapa mzee wangu, upate hewa," na humwoni tena mpaka siku utakaporudi stendi, mchana, ukamkuta dirishani anafoka.

Na elimu yake ya watu je? Mtaalamu wa chuo kikuu angehitaji dodoso. Yeye anatazama mzigo. Mama mwenye mkungu wa ndizi mshare na dumu la mbege, mfuniko umelegezwa lisije likapasuka njiani, anakwenda Dar kwa binti aliyejifungua. Haulizwi. Mkungu unabebwa, unaingia kwenye buti, na mama anaufuata mkungu wake. Mwanafunzi mwenye tranka ni wa Same au wa Lushoto. Mzungu mwenye begi refu mgongoni ni wa lango la Marangu au la Machame, na bei yake iko peke yake. Mwenye suti na bahasha, bila begi, ni wa mahakamani. Huyo huachwa apite. Wapo wanaosema kushika mzigo wa mtu ni uonevu. Mimi nimewaona watu waliokwama nusu saa kati ya mabasi matatu, hawajui wachague lipi, wakasaidiwa kuchagua na mkungu wao.

Wanaotaka usafiri usio na mpiga debe, ulikuwapo, na historia yake inajulikana. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911. Kilomita 352, miaka 18. (Mpiga debe angewaambia abiria kwamba inafika sasa hivi, na wangengoja kwa raha zaidi.) Reli ilikuwa na kila kitu kizuri: saa, kengele, mkuu wa stesheni mwenye kofia. Haikuwa na mtu wa kusimama nje na kuapa kwamba imebaki siti moja. Yaliyofuata mnayajua. Miaka ya 1990 treni ya abiria iliacha kuja Moshi, na haikuonekana tena mpaka Desemba 2019. Wataalamu watakuambia ni uchakavu wa njia, ni ushindani wa mabasi, ni lami. Wataalamu lazima waseme kitu. Mimi naangalia tu kwamba stendi na stesheni ziko mji mmoja, unatoka huku unafika kule kwa miguu, na iliyonyamaza miaka zaidi ya 20 ni ile yenye ratiba.

Lakini kipaji chake chote utakiona ukitaka kwenda Tanga ukakuta gari la Tanga limeshaondoka. Mtu wa kawaida angekuambia urudi kesho. Mpiga debe hana kesho. Anakupandisha basi la Dar: "Utashuka Segera, gari ya Tanga ipo pale inakusubiri wewe." Himo, Mwanga, Same, Hedaru, Mkomazi, Mombo, milima ya Upare na kisha ya Usambara iko kushoto kwako njia nzima, mashamba ya mkonge yanaanza, na wewe unasafiri na amani ya mtu anayesubiriwa. Korogwe mnashuka kuchimba dawa na kula, muda ambao dereva huupunguza kwa honi. Chipsi zako unamalizia kwenye siti. Segera njia zinaachana, kulia Chalinze na Dar es Salaam, kushoto Muheza na Tanga. Unashushwa na begi lako. Basi linaondoka.

Gari halipo. Yupo mpiga debe. Huyu wa Segera hajawahi kuonana na yule wa Moshi, lakini anaipokea kauli ya mwenzake pale pale alipoiachia: "Tanga? Tunakusubiri wewe tu, mzee!" na anakuonyesha Hiace ambayo ndani yake amekaa bibi mmoja na kapu la machungwa. Unapanda. Bibi anakutazama kwa huruma. Hivyo ndivyo abiria anavyofaulishwa, mkono kwa mkono, bila barua, bila mkataba, bila wakubwa wawili kukutana hotelini na kutia saini. Posta ingetaka stempu na anwani. Wao wametaka nauli tu, tena umeilipa mara mbili.

Kadiri unavyoshuka Pwani debe linabadilika mlio. Wa Moshi anakutisha kwa muda na fedha, maana anawajua wenyeji wake: "Mangi, biashara inakwenda bila wewe!" Wa Tanga, pale Kange, stendi iliyowekwa nje ya mji ili kila anayefika alipie na bajaji, hana haraka hiyo. Anakusalimu. Anakupa pole ya safari. Anauliza hali za huko utokako, mvua zimenyesha, mlima unaonekana, na ukimaliza kumjibu uko ndani ya gari la Pangani umeshikilia chenji, hukumbuki ulipandaje, na kumbe wewe ulikuwa unakwenda Raskazone. Nimeporwa begi Moshi na nimebembelezwa Tanga, na ukiniuliza yupi hatari zaidi, nitakuambia jihadhari na anayekuuliza habari za mama.

Ukipitia Holili na Taveta kushukia Voi hadi Mombasa, utamkuta anaitwa manamba na anapiga kofi bati la matatu badala ya debe. Ni ndugu yule yule, ila Kiswahili chake kina haraka zaidi na chenji yake ina uzito zaidi wa kutoka.

Dar es Salaam ni habari nyingine. Kituo cha Magufuli pale Mbezi, kilichozinduliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo, kina geti, kina ghorofa, kina walinzi, na kilikusudiwa kuwa mwisho wa mpiga debe. Alichofanya ni kutoka nje ya geti hatua chache na kuanza kazi mapema zaidi, kabla abiria hajaharibiwa na mabango yenye majina ya mabasi. Ndani ya jiji yeye ndiye ramani. Mgeni wa Kilwa atapelekwa Mbagala Rangi Tatu, wa Bagamoyo ataelekezwa kituo chake, na wote wataambiwa ni karibu. Mahali pekee alipokosa nafasi ni kwenye mwendokasi, yale mabasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara, Kivukoni na Gerezani. Pale hakuna wa kuwadanganya watu kwamba kuna nafasi. Nendeni kituoni saa kumi na mbili asubuhi muone wanavyougombania mlango kwa imani yao wenyewe, bure, bila kuitwa na mtu.

Serikali nayo haijakaa kimya. LATRA, iliyopokea kazi ya SUMATRA mwaka 2019, inapanga nauli, inafuatilia mwendo wa mabasi kwa mitambo, imeleta tiketi za mtandao. Zote kazi nzuri, sina neno. Ila tiketi ya mtandao ina kasoro moja ambayo watengenezaji hawakuiona: inasema kweli. Unafungua simu, inakuchorea basi zima, siti 30 hazina watu, unasema aa, nitakata jioni. Simu haijawahi kumharakisha Mtanzania. Mwaka 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990, na waliodhani mambo yatakwenda kisasa zaidi wakashangaa mpiga debe amepata zamu ya pili. Sasa saa nne usiku anakuambia la saa tatu bado halijatoka.

Kuhusu ulevi sitamtetea. Mtu anayepiga kelele tangu alfajiri mpaka jua kuzama, akalipwa na konda visarafu gari likishajaa, na asipolijaza asilipwe kitu, atakunywa alichonacho. Hana pensheni wala hana kitambulisho cha kazi. Koo likikauka, ajira imekwisha. Wanaomshangaa kwa gongo hawajawahi kuita "Himo, Himo, Marangu Mtoni" kwa saa tisa mfululizo.

Atakaye kumjua kwa undani asimtazame siku za kawaida. Amtazame Mbezi wiki ya kabla ya Krismasi, Wachaga wa Dar wanapopanda kwenda nyumbani. Hapo mabasi yamejaa kweli. LATRA inatoa vibali vya muda kwa magari ya njia nyingine, Coaster za mjini zinaoshwa na kuelekezwa Kilimanjaro, na yanayorudi Dar yanarudi matupu kwa sababu hakuna mtu anayeshuka Pwani tarehe 23. Mpiga debe hana cha kuita. Watu wanajiita wenyewe. Amesimama mlangoni, mikono mifukoni, na kwa mara ya kwanza tangu Januari anasema kitu kisicho na nyongeza: "Hakuna siti."

Hakuna anayemwamini. Bwana mmoja mwenye boksi la televisheni anayoipeleka kwa wazee Mwika anamvuta pembeni.

"Kijana, mimi ni mtu mzima. Sema ukweli, zimebaki ngapi?"

"Mzee, haki ya Mungu, hakuna."

"Hata ya kwenye injini?"

"Kwenye injini wamekaa watatu."

Bwana anamtazama usoni muda mrefu, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Anaguna. Anabeba boksi lake na kuvuka kwenda basi la pili, ambako kuna mpiga debe anayeijua kazi.