Kushusha Kuna Bei Yake

Ukipanda basi la asubihi kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga, usimwogope dereva. Iogope flashi ya nyimbo. Inaanza kwaya ya zamani, sauti haivuki siti ya tatu. Abiria wa nyuma wanapaza: "Konda, ongeza!" Konda anazungusha kitufe mpaka kigome. Kwaya inaisha, inaingia singeli. Mtoto anashtuka na kulia, bibi wa siti ya mbele anamtaja Mungu, na kuku aliyefungwa miguu chini ya kiti anaomba achinjwe mapema. "Punguza!" Hapo Sitalike hatujafika. Viboko wa huko, wa mto Katuma, wana kelele, sikatai, lakini hawamshtukizi mtu kila baada ya dakika nne.

Nikaamua kumfuata anayewajazia makonda nyimbo, kijana mwenye kibanda pale Makanyagio, Mpanda. Akajisifu: "Mzee, zile zote nimezibusti mwenyewe!"

Kumbe huko ndiko kuziua. Sauti ya kidijiti ina dari, nalo ni desibeli sifuri. Ukiusukuma wimbo kupita hapo hauongezeki; mawimbi yanakatwa vichwa, spika inakwaruza, na ukija kuushusha kesho unapata mkwaruzo ule ule kwa sauti ya chini. Halafu faili la MP3 limeshatupa sehemu ya sauti ili liwe jepesi. Kila ukilifungua, ukaongeza, ukalihifadhi upya, linatupa tena.

Dawa ipo, na ni ya bure. Programu ya MP3Gain hupima wimbo unavyosikika masikioni, kisha hubadilisha zile namba tu ndani ya faili zinazoiambia redio ipige kwa nguvu kiasi gani. Muziki wenyewe haiugusi. Sauti inapanda au kushuka kwa hatua ya desibeli 1.5, na ukijuta unarudisha ulipokuwa. Cha muhimu, usiikimbize kwaya iifuate singeli darini, maana singeli ilishafika huko tangu studio. Shusha singeli. Zikishalingana, anayetaka makelele azungushe kitufe cha redio. Kiliwekwa kwa kazi hiyo.

Kijana alinisikiliza kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Nimekuelewa, mzee wangu. Ila nikishusha, konda atasema nimempa nyimbo mbovu. Ataenda kwa yule wa stendi."

Hapo ndipo penye ugonjwa. Kwetu sauti kubwa ni mali, na anayeipunguza ni mwizi. Harusini tunapasua spika, mnadani tunapasua spika, msibani napo kuna anayeulizia spika. Nikamwambia basi anijazie flashi yangu mimi, nyimbo zote zilingane, nitaikabidhi kwa konda kwa mkono wangu.

"Sawa, mzee. Kubusti ni bei ya kawaida," akasema, akivuta kiti karibu na kompyuta. "Kushusha kuna nyongeza kidogo. Hiyo ni kazi maalumu."