Mtoto Azaliwaye Mara Nne
MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya nchini Tanzania, humtaka muuguzi amwandike kila mzazi katika rejesta, amhesabu kwa vijistari, amjumlishe katika ripoti ya mwezi, kisha takwimu hizo hizo ziingizwe katika DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hata kichanga kimoja kikazaliwa mara nne. Uzazi usio na mpango ndio huo. Uchovu uliokithiri wa kazi, ambao Shirika la Afya Duniani liliueleza mwaka 2019 kuwa zao la msongo sugu usiodhibitiwa kazini, hauna safu humo, na pengine ni heri, kwani ungepewa safu, muuguzi yule yule angeulizwa kwa nini amechelewesha ripoti ya uchovu wake.