Tundu Moja, Madumu Kumi

Bathtabu yetu haijawahi kumwogesha mtu. Tuliikuta tulipopanga hapa Upanga, ghorofa ya pili: chuma kizito kilichopakwa enameli nyeupe, kimezungushiwa tofali na vigae kila upande kama kaburi la liwali. Ndugu zetu wakija kutoka Mbagala huiita jakuzi na huomba waione. Wakichungulia wanakuta ubao umefunikwa juu, maji yamejaa chini yake, na kopo la plastiki linaelea. Hilo ni tangi. Linachukua karibu lita 200, yaani madumu kumi ya lita 20, na mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, ndilo lililotutunzia heshima mbele ya wageni.

Tatizo la tangi hili ni kwamba aliyelibuni alilitoboa chini kwa makusudi.

Tukawa tunajaza usiku, asubuhi maji yameshuka vidole vinne. Nikaingia YouTube kutafuta msaada. Huko nikakuta mzee wa Kimarekani, mikono misafi mno kwa kazi ya bomba, akifundisha jinsi ya kuyafanya maji yatoke haraka zaidi. Video nyingine, hivyo hivyo. Inaonekana upande ule wa dunia kilio chao ni kwamba maji hayaondoki. Yangu yalikuwa yanaondoka bila hata kuaga.

Yalikokuwa yakienda tukaambiwa na mama wa ghorofa ya chini, aliyepanda na kanga yake begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Samahani kwa usumbufu. Kwangu kunadondoka."

Ukiiangalia bathtabu ya zamani kwa karibu, inaweza kuvuja kwa njia kadhaa. Kizibo kinaweza kuwa kimechakaa. Hapo maji yanapita kwenye bomba kistaarabu na jirani halowi. Kuna lile tundu la juu, la kuzuia maji yasifurike, ambalo nalo lina mpira wake kwa nyuma. Halafu kuna kichujio cha chini, kile chuma cha duara chenye msalaba katikati, kilichoskrubiwa kwenye bomba. Juu yake kinakalishwa kwenye puti, chini ya bathtabu kuna pete ya mpira. Miaka ikipita puti inakauka na kupasuka, mpira unakuwa mgumu, na maji yanajipenyeza pembeni, nje ya bomba kabisa.

Kujua ni kipi kati ya hivyo, unajaza maji yasifike tundu la juu, kisha unasubiri. Nikamtuma mwanangu chini na tochi, akasimama bafuni kwa jirani akikodolea macho dari.

"Bado!" akapaza sauti.

"Subiri!"

"Linakuja… linakuja… limedondoka!"

"Limemdondokea yeye," akaongeza mama wa chini, ambaye kumbe naye alikuwa amevuta stuli.

Basi mgonjwa ni kichujio. Fundi akaja na mfuko wa sandarusi wenye spana moja na tepu nyeupe, akaomba bisibisi, akaomba tochi, akaomba maji ya kunywa, kisha akainama na kusema neno la ufunguzi la mafundi wote wa Afrika Mashariki: "Bosi, hii nani alikufungia?" Sijapata kuona fundi akikuta kazi ya mwenzake akasema mashallah.

Akataka kubomoa vigae. Mwenye nyumba, kwa simu, akasema vigae hivyo haviuzwi tena duniani na bathtabu ni ya Mwingereza, isiguswe. Ikabidi kazi ifanyike kwa juu. Fundi akatumbukiza mikono ya plaizi kwenye msalaba wa kichujio, akapitisha spana katikati, akazungusha. Chuma kikalia. Kikalia tena, kikaachia, na chini yake tukakuta puti iliyokauka hadi kuwa unga, shanga moja ya buluu, na nywele za wapangaji wa awamu zilizopita.

Kariakoo nilikwenda na hicho kichujio mfukoni, maana bila sampuli muuzaji hakusikilizi. Kwenye daladala dada niliyekaa naye alilitazama doa la kutu kwenye suruali yangu, akasogea dirishani. Dukani wakapima tredi, tukapata cha inchi moja na nusu pamoja na mpira wake. Fundi akapaka silikoni, akakaza, akafuta iliyozidi kwa kidole. "Saa 24, bosi. Hata tone lisiingie."

Saa nane za usiku ule bomba likaanza kukohoa. Anayeishi kwenye mgao anaijua sauti hiyo: hewa inatangulia, maji yanafuata. Nyumba nzima ikaamka. Tukajaza ndoo, mabeseni, sufuria za pilau, birika, hotpoti zote na vifuniko vyake. Mke wangu akasimama mlangoni mwa bafu na mpira wa maji mkononi.

"Zimebaki saa ngapi?"

"Kumi na tano."

Akaitazama bathtabu tupu, akanitazama mimi, na sikuipenda namna alivyotulinganisha.

Silikoni ilipokauka, tukajaza. Maji hayakushuka hata kidole. Wiki iliyofuata mama wa chini akapanda tena, nikadhani amekuja kushukuru.

"Baba, mbona siku hizi hakudondoki?"

Kumbe alishaweka ndoo. Maji yale alikuwa akidekia, akimwagia choo na kunyweshea mchicha wake wa kwenye makopo. Tukakubaliana kwamba kila mgao ukianza tutamshushia dumu moja. Mwanangu ndiye mbebaji, na hajaacha kuuliza kwa nini tuliziba wakati lilikuwa likishuka lenyewe.