Raha ya Maji ni Muleba

Wazungu nawahurumia. Wanasafiri mpaka Jinja, Uganda, wanalipa dola ili Mto Nile uwapige mweleka, halafu wanavalishwa kofia ngumu na jaketi okozi. Tena bwawa la umeme lililozinduliwa 2012 limeshameza maporomoko ya huko ya Bujagali. Si waje Muleba, kwenye Ziwa Victoria! Mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Bumbire unabeba abiria, mikungu, mbuzi na kopo la kuchotea maji yanayoingia. Jaketi lipo, moja. Nahodha kalikalia, maana ubao mgumu. Mawimbi hayana kiingilio. Na habari za waokoaji tusisumbuane: tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipotumbukia ziwani Bukoba, wavuvi walitangulia kufika na makasia yao. Sasa boti ya uokoaji ya nini, ije kuwabana wavuvi nafasi?