Goti la Bingwa

Mwaka 2004 Buakaw wa Thailand alitwaa ubingwa wa kikiboksi wa K-1 MAX kule Japani kwa kuwakaba wenzake shingo na kuwashindilia magoti ya mbavu. Mara wakubwa wa K-1 wakagundua kwamba kukabana hakupendezi. Kanuni ikabanwa: ukishamshika mtu, basi, hakuna kumtwanga goti juu ya goti. (Mwaka 2006 mkorofi yuleyule akarudi, akabeba tena.)

Sisi Watanzania hatuna roho mbaya hiyo. Japhet Kaseba, bingwa wetu wa kikiboksi, hakukatwa miguu na kanuni yoyote. Aliiweka kando mwenyewe, akahamia ndondi, akakutana na bondia Francis Cheka wa Morogoro, Mji Kasoro Bahari. Akala kichapo, kama bondia mwenzake Rashid Matumla. Kanuni haikuguswa. Agosti 2013 Cheka akamshinda Mmarekani Phil Williams kwa pointi, akapanda na mkanda wa WBF mpaka Morogoro. Kanuni ipo palepale.

Wajapani wangekuja hapa chini ya milima ya Uluguru wakajifunza. Bingwa akizidi, kitabu cha sheria unakiacha kabatini. Unamcheleweshea malipo tu.