Leseni ya Kupanda Paa

Mji huu wa Arusha unapenda leseni. Ukitaka kumpeleka mtalii akaone twiga, uwe na leseni ya biashara ya utalii. Ukitaka kubeba abiria kwa bodaboda kutoka Kilombero mpaka Sakina, trafiki atakuuliza leseni ya udereva, kisha atakuuliza kibali cha LATRA. Hata Mlima Meru, unaotuangalia bure kila asubuhi mawingu yakiruhusu, huupandi hivi hivi. Unafika geti la Momella, unalipa, unapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki akulinde na nyati njiani kwenda juu, mita 4,566. Lakini mtu akitaka kupanda paa langu hapa Ngarenaro, juu ya vichwa vya watoto wangu, anachohitaji ni nyundo. Na nyundo yenyewe anaweza kuazima.

Paa langu linavuja. Halivuji sana, mafundi wote hunifariji kwa maneno hayo hayo, "linavuja kidogo tu, mzee." Nimechunguza nikaona kuvuja kidogo ni kule kunakotokea juu ya kochi la mtu mwingine.

Wa Dar atasema subiri jua. Jua gani? Sisi tumejibanza kusini mwa Meru, ubavu ambao mawingu huja kupumzikia. Masika inaanza Machi, inafika Mei inasuasua, na ikisha kuaga inaingia baridi ya Juni na Julai yenye manyunyu yake. Halafu vuli. Kati ya hapo kuna siku chache za kuanika bati likakauka, na siku hizo fundi yuko msibani.

Mke wangu ana subira kunishinda. Ameweka beseni chini ya tundu, na anasema tumebarikiwa. Hoja yake inasimama. Miamba ya volkano ya huku kwetu ina floraidi, na maji ya visima na chemchemi nyingi za pembeni ya Meru yametia kahawia meno ya vizazi na vizazi. Mtu wa Arusha akicheka ugenini, wanamtambua kabla hajataja kwao. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichohangaika miaka mingi na kuchuja floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Maji ya mvua hayana shida hiyo. "Wenzetu wanalipia gata na simtanki," ananiambia, "sisi yanatufuata mpaka sebuleni." Namkumbusha kwamba ya kwetu yamepita kwenye lami aliyopaka fundi wa kwanza. Ananyamaza, ila beseni haliondoi.

Basi nikasema safari hii nataka fundi mwenye karatasi. Jamani, kumuuliza fundi cheti ni tusi! Nilikwenda kijiweni kwa adabu zote. Kijana mmoja akaniamkia, nikaitikia, tukaulizana za nyumbani, ndipo nikalitoa neno polepole: "Fundi, samahani, una cheti cha kazi hii?" Wenzake wakaacha drafti.

"Cheti?"

"Ndiyo. Cha VETA, au chochote."

"Mzee wangu, kwani cheti kinapigilia bati? Mimi nimepaua nusu ya Sombetini."

Nina shemeji yangu Sombetini. Kwake kunavuja.

Mwingine akakiri kwamba anacho, ila kiko kijijini kwa mama yake. Vyeti vyote vya mafundi wa mji huu viko kijijini kwa mama. Ningeomba namba za simu za kina mama hao, maana inaelekea wao ndio wenye mpangilio. Wa tatu yeye hakusita, akaingiza mkono mfukoni akatoa leseni halisi, ya serikali, yenye picha. Ilikuwa ya kuendeshea pikipiki.

Kinachoniuma ni kwamba fundi umeme tumemweza. EWURA inampa leseni, na leseni zenyewe zina madaraja. Ukienda TANESCO kuomba kuunganishiwa, wanataka karatasi ya mkandarasi mwenye leseni aliyesuka nyaya zako. Nyumba ya balbu tatu na redio inadai mtu anayetambulika kisheria. Lakini paa linalofunika hizo balbu, hiyo redio na mwenye nyumba mwenyewe, linapigwa na yeyote aliyeamka mapema. Kisha maji yanapenya paani yanaingia kwenye nyaya za yule mwenye leseni, na hapo sijui nani amshitaki nani.

Msomaji makini atanikatiza: ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Naijua. Ipo kwa sheria ya mwaka 1997, na makandarasi wa majengo wamepangwa madaraja saba, la kwanza wanaojenga minara, la saba wanaoanza. Bodi hii tunaikumbuka ghorofa linapoanguka. Ilikuwa hivyo Machi 2013 katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, ikawa hivyo tena Kariakoo Novemba 2024. Wiki nzima kila mtu anauliza nani alijenga na amesajiliwa wapi. Katika hayo sifanyi utani. Ninachosema ni kwamba swali hilo hilo, likiulizwa kabla ya msumari wa kwanza, linageuka ujeuri.

Nami nikampata mkandarasi aliyesajiliwa, mtu mstaarabu, sauti ya taratibu.

"Ni ghorofa ngapi, mzee?"

"Ni mabati matatu."

Kimya.

"Mchanganuo wa vifaa unao?"

"Ninalo beseni."

"Na mshauri wa mradi ni nani?"

"Mke wangu."

Akasema atanipigia. Nadhani anasubiri niongeze ghorofa.

Hapo ndipo mwenye paa bovu wa Ngarenaro alipo. Mwenye usajili hawezi kushuka mpaka kwangu, kwa kuwa mafuta ya gari lake ni ghali kuliko kazi yangu. Asiye na usajili anafika haraka sana, anafika hata kabla hujamwita, anapokea kianzio, anapanda, anagonga gonga, anashuka, anasema "hapo usiwaze," na mvua ikianza mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Na laiti kazi yenyewe ingekuwa na siri kubwa. Bati la migongo lilipewa hataza mwaka 1829 kwa jina la Mwingereza Henry Robinson Palmer, aliyekuwa mhandisi wa bandari ya London. Mfaransa Stanislas Sorel akaleta ufundi wa kulipaka zinki mwaka 1837. Karibu miaka 200 binadamu anajua kwamba msumari unapigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji ndiko yanakopita. Anajua msumari unavaa raba yake. Anajua bati la juu linalilalia la chini, na kwamba maungio ya ubavuni yanaupa upepo mgongo. Habari hizi bado ziko njiani kuja kwetu. Fundi wangu wa kwanza alilaza la chini juu ya la juu. Maji yakiteremka yanakuta mlango uko wazi, yanaingia kwa heshima, hayavunji kitu. Nilipomwonyesha, akanitazama kwa huruma: "Mzee, hiyo ndiyo staili mpya." Misumari aliipiga bondeni, na pale alipokosea papi akaacha tundu, akalipaka lami, akaita hiyo nayo staili.

Bati lenyewe nalo lina mambo yake. Geji inahesabiwa kinyumenyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene, 30 inafuata, 32 ukilikanyaga linakusimulia. Mteja mgeni anasikia 32 anadhani amepata zaidi, analipa huku anatabasamu. TBS, shirika letu la viwango, lipo kwa sheria ya mwaka 1975 na viwango vya mabati vipo, lakini mimi sijamwona fundi anayepima unene kwa chombo. Wangu alilibonyeza kwa kidole gumba akasema, "Hili ndilo lenyewe." Kidole hicho nacho hakina cheti.

Kinachonikera kuliko vyote ni kwamba dawa ipo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, chini ya mjomba au chini ya fundi mwingine. Hawamkalishi mtu mzima dawatini miaka mitatu. Wanampima kwa vitendo, wanamfundisha alipopungua, wanampa cheti. Mtu aliyepaua nusu ya Sombetini angekwenda akapimwa, akarudi na karatasi yake, na mimi ningemlipa zaidi bila kununa. Wazee wanakumbuka enzi za tredi testi, kuanzia gredi tatu hadi gredi wani. Fundi wa gredi wani alikuwa anatembea polepole, penseli sikioni, na mwenye nyumba ndiye aliyekuwa anamwamkia. Hata Chuo cha Ufundi Arusha kiko hapa hapa mjini tangu 1978, ila wahitimu wake wanawaza barabara na madaraja makubwa, na siwalaumu. Nani asome hesabu zote zile aje apambane na beseni la mke wangu?

Sisi wenye nyumba nasi tumo. Jirani yangu, ambaye nyumba yake imebanana na yangu kiasi kwamba gata likimwagika hatujui tumlaumu nani, alinishangaa sana. "Baba, cheti cha nini? Wewe muulize bei." Bei aliyouliza yeye ilikuwa nzuri mno. Upepo wa Aprili ukaja, na kofia ya paa lake sasa iko uani kwangu. Nimewaegemezea kuku.

Napendekeza mwenyekiti wa mtaa, ambaye kila barua ya utambulisho anaipiga muhuri, aweke daftari moja tu la mafundi: jina, cheti, na paa la mwisho alilopiga, ili twende tukalitazame mvua inaponyesha. Hakuna haja ya bunduki wala geti. Daftari la shule la kurasa 64 linatosha.

Wakati tunasubiri daftari hilo, nawaomba wasomaji. Ukimjua fundi wa kupaua mwenye cheti, kisiwe kijijini kwa mama, anayepokea simu hata siku ya mvua, mwelekeze Ngarenaro. Malipo yapo, chai ipo, maji ya kunywa yasiyo na floraidi ndiyo usiseme. Ila aje na ngazi yake. Yangu aliiazima fundi wa kwanza, akamalizie kikazi kidogo mtaa wa pili.