Rangi Ikikolea, Mabishano Huisha

Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa, isipokuwa itifaki ya maabara, ambayo nitaigusa nikipata muda.

Mnayemwona mbele yenu ndiye bingwa wa kupiga picha za tishu kwa spektrometria ya masi. Nani alinitawaza? Hilo ni swali la wivu. Mwaka 1997, kule Marekani, Richard Caprioli na wenzake walichapisha namna ya kuichora tishu kwa leza. Sikuwepo, lakini nimesoma muhtasari wao mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

Kazi yenyewe nyepesi. Unakata ubongo wa panya uliogandishwa, ukanda wa mikromita 10 hivi. Unaunyunyizia kemikali inayofyonza mwanga wa leza. Leza inapiga nukta kwa nukta, molekuli zinaruka zikiwa ioni, mashine inazipima, na kila masi inapata ramani yake. Mimi huchagua rangi kwanza. Nyekundu ndiyo inayonyamazisha wahakiki.

Kuna wanaonong'ona kwamba ioni huzimana: penye chumvi nyingi, molekuli ipo tele lakini picha inatoka giza. Upuuzi! Kisichoonekana hakipo. Hivyo ndivyo ninavyomwambia mwenye nyumba kila anapoulizia kodi.

Wengine wamenishikia bango kwa namba moja, 782.57. Eti lipidi iitwayo PC 34:1 ikibeba sodiamu, na PC 36:4 ikibeba haidrojeni, zinapishana kwa takriban 0.0024 tu, na mashine yangu haina macho ya kuzitenganisha. Jamani! Mashine ya bei ile ikisema ni kitu kimoja, mimi ni nani nibishane nayo? Nimeandika jina la ile inayopendeza zaidi.

Sasa tazameni slaidi. Wekundu umevuka ukingo wa ubongo, umesambaa hadi kwenye kioo kitupu. Mwanafunzi wangu alidai nilinyunyizia majimaji mno, molekuli zikachuruzika. Siku hizi yuko stoo, anahesabu glavu. Mimi nimehitimisha kwamba ubongo wa panya ni mpana kuliko wanaanatomia walivyotuaminisha. Makala iko njiani.

Naona mkono kule nyuma. Mama anauliza kama nilirudia jaribio kwa panya wa pili. Mama yangu, bajeti ilikuwa ya panya watano. Mmoja mnamwona kwenye slaidi, wanne nimewavaa, na fundi bado ananidai vifungo.